Udi wangu ulitoka banjo

Jumamosi moja nilikuwa na shughuli Ngamiani hapa Tanga, harusi ya watu tunaoheshimiana nao, turubai limefungwa barabarani, viti vya plastiki, kina mama na sare zao, na mimi nimeitwa kupiga kinanda tu, sio bendi nzima. Sasa kinanda changu siku hiyo kilikuwa mezani nyumbani kimefunguliwa matumbo yote nje (nitawaambia kilikuwa na nini huko mbele) kwa hiyo nikasema hamna shida, wale wenye muziki watakuwa na kinanda chao, mimi nabeba flashi yangu yenye nyimbo nilizozipanga mwenyewe miezi na miezi, mafaili ya MIDI, nachomeka, napiga juu yake. Nikachomeka kweli. Faili likafunguka vizuri tu, ngoma zikaanza, besi ikaingia mahali pake, af pale kwenye utangulizi wa udi, pale ambapo ndo watu huwa wanaanza kunyanyuka na noti zao za elfu kuja kutuza, ikatoka banjo.

Banjo jamani, kile chombo cha nyuzi cha Wamarekani. Noti zilezile, mapigo yaleyale, hata pale ninapochelewesha kidole makusudi ili uzi upate kupumua palikuwepo vilevile, ila sauti ni ya banjo mwanzo mwisho. Nikahangaika na vitufe vya kinanda cha watu nisichokijua, nikapata sauti ya gitaa la nailoni, nikapigia hilo mpaka mwisho. Watu walicheza, harusi ilikwenda salama. Lakini kulikuwa na mzee mmoja jirani yangu Chumbageni, mpiga udi wa siku nyingi, amekaa karibu kabisa na spika, na ile banjo ilipoingia nilimuona anageuza shingo taratibu ananiangalia.

Kesho yake asubuhi kaja barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jana udi wako uliumwa nini?"

Nikamwambia faili limesomwa vibaya na kinanda cha wenyewe. Akasema mbona mimi kanda zangu nikiziweka kwenye redio yoyote sauti ni yangu, redio ya jirani haiwezi kunigeuza mimi kuwa mtu mwingine, wewe si ulirekodi? Nikamwambia hapana mzee, sikurekodi, niliandika. Na hapo ndo maongezi yakaanza, yamekwenda wiki mbili hayajaisha, na nimeona niyaandike hapa maana wapiga vinanda wengi ninaowafahamu hapa Tanga wanatumia MIDI kila siku na hawajawahi kuambiwa ni kitu gani.

Iko hivi. Ukibonyeza kii kwenye kinanda cha kisasa yanatokea mambo mawili na sisi tunayachanganya kuwa moja. La kwanza, kinanda kinatambua kidole chako kimefanya nini. La pili, kinanda kinatafuta sauti na kuitoa. MIDI ni lugha ya hilo la kwanza peke yake. Kwenye waya wa MIDI hakupiti sauti hata chembe, ukiukata ukaunganisha na spika hutasikia udi wala piano, kinachopita mle ni namba.

Chukua ile noti ya C ya katikati ya kinanda. Ukiibonyeza kinachotumwa ni namba tatu tu: 144, 60, 100. Hiyo 144 maana yake washa noti kwenye chaneli ya kwanza (chaneli ni kama njia ya chombo kimoja), 60 ndo jina la ile C, na 100 ni nguvu uliyobonyezea. Ukiachia inakwenda 128, 60, na namba ya jinsi ulivyoachia, yaani izime ile noti. Vinanda vingi hata hiyo 128 havitumi, vinatuma tena 144, 60, 0, washa kwa nguvu sifuri, na anayepokea anaelewa kwamba ameambiwa azime. Noti zote zimepewa namba kuanzia 0 mpaka 127, kila namba ni nusu toni, yaani hatua ya kutoka kii moja kwenda ya jirani yake, ile A ya mitetemo 440 kwa sekunde ambayo watu wa okestra wanapatanisha nayo vyombo vyao ni namba 69, piano kubwa ya kii 88 inaanzia 21 inaishia 108. Na wameweka utaratibu mzuri sana, namba yoyote kuanzia 128 kwenda juu ni amri, namba yoyote chini ya 128 ni maelezo ya amri, kwa hiyo anayepokea hata akiingilia katikati ya maongezi anasubiri amri inayofuata anakaa sawa.

Mzee nikamwambia MIDI ni mshenga. Mshenga anabeba maneno kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, hamletei mtu mke mkononi. Anafika anasema C ya katikati, nguvu 100, sasa wale wa nyumba ile ndo watajibu kwa sauti waliyonayo. Wakiwa na udi watajibu kwa udi, wakiwa na banjo ndo hivyo tena.

"Na mshenga wako jana hakutaja jina la udi?" Alitaja mzee. Alitaja kwa namba, na hapo ndo tatizo lilipo.

Kabla ya hapo nirudi nyuma kidogo maana hii hadithi naipenda. Miaka ya 70 mwishoni kila kampuni ya vinanda ilikuwa na njia yake, kinanda cha huyu hakiongei na cha yule, ukitaka sauti mbili pamoja unapiga mkono huu huku na mkono huu kule. Mjapani Ikutaro Kakehashi wa Roland na Mmarekani Dave Smith wa Sequential Circuits ndo walilishikia bango jambo la lugha moja, wakashirikiana na kampuni nyingine za Japani, na Januari 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule California wakachukua vinanda viwili, Prophet-600 ya Smith na Jupiter-6 ya Roland, kampuni mbili zinazoshindana sokoni, wakaziunganisha kwa waya, ukipiga hii inalia na ile. Agosti mwaka huohuo MIDI 1.0 ikatoka rasmi. Na hawakumtoza mtu hela kuitumia. Mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya ufundi wote wawili. Mimi naona hilo la kutotoza ndo limefanya mtu wa Tanga leo anunue kinanda cha mtumba, na kompyuta ya mtumba ya kampuni nyingine kabisa, na vikaelewana siku hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye banjo.

Kuna amri ya MIDI ya kubadilisha sauti, nayo inataja namba ya sauti unayotaka, moja kati ya 128. Mwanzoni kila kampuni ilipanga sauti zake inavyojua, namba 5 kwa huyu piano kwa yule filimbi, ikawa vurugu, mpaka 1991 wakakubaliana orodha moja inaitwa General MIDI. Piano ni 1, akodiani 22, fidla 41, sitari ya Kihindi 105, banjo 106, na sisi Waafrika tumekumbukwa kwa kalimba, 109. Ngoma zote zimepelekwa chaneli ya 10, huko namba ya noti haina maana ya juu wala chini tena, 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 snea, 42 haihati iliyofungwa. Orodha nzima ipitie moja moja utafute udi. Hakuna. Kanuni nayo, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani, hakuna. Vyombo vinavyobeba taarabu yetu, vyombo ambavyo mamilioni ya watu kuanzia Misri mpaka huku pwani wanavisikiliza, havimo kwenye zile 128, ila mlio wa simu umo, helikopta imo, hata mlio wa bunduki umo. Linaniuma hilo na silifichi.

Kwa hiyo kampuni zinazotaka kuweka udi zinauchomeka pembeni, kwenye benki nyingine, yaani fungu jingine la sauti, nyuma ya namba ambayo tayari ina mwenyewe. Kwenye kinanda changu udi umewekwa nyuma ya banjo. Faili langu linasema hivi: nenda benki fulani, fungua sauti ya 106. Kinanda changu kinaijua ile benki, kinatoa udi. Kinanda cha pale harusini hakina benki hiyo, kikapuuza maneno ya kwanza, kikasikia 106 tu, kikatoa banjo kama orodha inavyotaka. Hakikukosea chochote. Ndo maana ngoma na besi vilitoka sawasawa, vile vimo kwenye orodha ya wote.

Mzee akanyamaza kidogo akasema, kwa hiyo sisi ni wapangaji kwenye nyumba ya banjo. Nikamwambia ndo hivyo.

Haya, kinanda changu kilikuwa na ugonjwa gani. Tanga upepo wa bahari unaingia ndani una chumvi, ukiacha baiskeli nje Raskazone wiki mbili mnyororo unaanza kutu, sasa fikiria kinanda. Kii moja, ile namba 64, E, ilianza kupiga kelele peke yake. Yaani unapiga laini kabisa zote zinaitika laini, ukifika pale pwaa, kama umepigia ngumi. Nikaunganisha na laptopu niangalie namba zinazotoka maana kuna programu za bure zinakuonyesha kila kinachopita kwenye MIDI, nikabonyeza 62 nguvu 41, 63 nguvu 38, 64 nguvu 127, 65 nguvu 40. Kila mara 127.

Hapo ni lazima ujue nguvu inapimwaje. Kinanda hakina mizani ndani yake, hakijui uzito wa kidole chako. Chini ya kila kii kuna kimpira kidogo chenye madoa mawili meusi ya kaboni, doa moja liko juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo ukishuka na kii doa la kwanza linagusa bodi, af kidogo la pili linagusa. Kinanda kinahesabu muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda mfupi maana yake umeshuka kwa kasi, umepiga kwa nguvu, andika namba kubwa. Muda mrefu umeshuka polepole, andika namba ndogo. Ni hivyo tu, ndo maana wenyewe wanaiita velositi, ni mwendo wa kidole. Nikafungua skrubu (zilikuwa 31, nilizipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio wa zilikotoka, usizichanganye, zingine ndefu ukiirudisha ndefu mahali pa fupi inatoboa juu), nikaunyanyua ule mstari wa mpira, na chini ya 64 pale kwenye mguso wa kwanza kuna ukungu mweupe, chumvi na vumbi vimeshikana. Kwa hiyo doa la kwanza lilikuwa linachelewa kushika umeme, linakuja kushika karibu sawa na la pili, muda unaonekana mfupi kuliko ilivyo, kinanda kinaandika 127 kwa uaminifu kabisa. Spiriti, pamba ya masikio, polepole bila kukwaruza, subiri ikauke, rudisha. 64 nguvu 39. Sikulipa fundi hata mia.

Ile wiki kinanda kiliporudi nikaazima na cha pili kwa rafiki, nikamwita mzee aone kwa macho. Nikaviweka viwili mezani, waya wa MIDI ule wa pini tano kutoka kwenye tundu la kutolea la kwanza kwenda tundu la kupokelea la pili. Cha kwanza nikakifunga sauti mpaka sifuri. Nikampa mzee kiti, piga hiki. Akabonyeza cha kwanza, kikalia cha pili. Akabonyeza tena huku ameinama anasikiliza cha kwanza, kimya. Nikabadilisha sauti kwenye cha pili nikaweka kwaya, akabonyeza, kwaya. Nikaweka fidla, fidla. Kidole kilekile, waya uleule. Akashika ule waya katikati kwa vidole viwili kama mtu anapima mapigo ya moyo.

Af nikamwonyesha kitu kingine, nikamwambia bonyeza usiachie. Akashikilia, fidla inalia. Nikachomoa waya. Fidla ikaendelea. Akaachia kidole, ikaendelea. Akanyanyua mikono yote miwili juu na fidla bado inalia, noti moja, haina mwisho. Kwa sababu ile amri ya kuzima ilitumwa kwenye waya ambao haupo tena, kinanda cha pili kinajua kimeambiwa washa na hakijaambiwa zima, basi kinatii. Hili likikukuta kwenye shughuli, noti imeganda inalia tu kwenye spika mbele ya watu, usizime mashine, tafuta kitufe cha kuzima noti zote, vinanda vingi wanakiita paniki, kinatuma kwenye kila chaneli amri ya udhibiti yenye namba 123 ndani yake. Kwenye baadhi ya vinanda ukibadilisha sauti nayo inakata.

Kasi ya ule waya ni biti 31,250 kwa sekunde. Ukiilinganisha na bando lako la simu ni konokono. Ila hesabu: kila namba inachukua biti 10 na alama zake za kuanza na kumaliza, namba tatu ni biti 30, kwa hiyo noti moja inapita chini kidogo ya elfu moja ya sekunde. Kordi ya vidole kumi inachukua kama sehemu kumi za elfu, vidole vyako vyenyewe mara nyingi havishuki pamoja kwa usahihi huo. Chaneli 16 kwenye waya mmoja, yaani vyombo 16 tofauti. Na faili lake ni dogo, wimbo wangu wa dakika nne na vyombo vyote ni kilobaiti 38, wimbo huohuo ukiurekodi kama sauti kwa kiwango cha CD ni megabaiti 42. Ile milio ya simu za zamani, ile ya noti nyingi kwa pamoja, mingi ilikuwa MIDI, ndo maana iliingia kwenye simu isiyo na nafasi hata ya picha mbili.

Sasa sauti yenyewe inatoka wapi, maana tumesema mshenga haileti. Inatoka kwenye kinanda kinachopokea, kina stoo. Ndani ya kumbukumbu yake kuna vipande vya sauti halisi, mtu alikaa studio na piano ya kweli akapiga noti akarekodi, laini, ya kati, ya nguvu. Ikifika 144, 60, 100 kinanda kinakwenda stoo, kinachukua kipande kilicho karibu na noti 60, kilichopigwa kwa nguvu inayokaribia 100, kinaanza kukisoma. Kama 60 haikurekodiwa ila 58 ipo, kinaichukua 58 kinaisoma haraka zaidi mpaka ipande nusu toni mbili, kila nusu toni ni kuongeza mwendo kwa asilimia kama 6. Sauti za kuvuta kama fidla kina kipande cha katikati kinakirudia rudia mpaka uachie kidole. Vipo pia visivyo na stoo ya rekodi, vinakokotoa sauti kwa hesabu papo hapo, Yamaha DX7 ya 1983 ndo ilivuma kwa hilo, ile njia ya kutikisa wimbi moja kwa wimbi jingine aliyoivumbua John Chowning wa Stanford. Kwa njia yoyote ile mwisho wake ni mlolongo wa namba, mara nyingi 44,100 kwa kila sekunde, zinageuzwa kuwa umeme, umeme unasukuma spika, spika inasukuma hewa ya Ngamiani. Na kinanda kina ukomo wa sauti kinazoweza kutoa kwa mara moja, General MIDI inadai zisipungue 24, ukizidisha kinanyang'anya noti ya zamani kinaipa mpya, ndo maana vinanda vya bei ndogo ukikanyaga pedali na kujaza noti unasikia zile za mwanzo zinakatika.

Mzee alielewa yote hayo, af akanikamata mahali ambapo nilijua atanikamata. Yeye ni mtu wa enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya Tanga ile iliyoingiza magitaa ya umeme na besi, masikio yake yamekulia humo na kwenye udi wa Waarabu pia. Akaniambia nipigie Rasti, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu. Nikapiga. Akasema hiyo noti ya tatu uliyopiga siyo. Nikashusha nusu toni. Akasema hiyo nayo siyo, ninayoitaka inakaa katikati yao. Na namba zangu ni 63 na 64, katikati hakuna kitu, hakuna 63 na nusu.

Kuna njia. Lile gurudumu la pembeni la kupinda sauti halitumii namba 128, linaunganisha namba mbili na kupata hatua 16,384, katikati yake ikiwa 8,192. Likiwa limepangwa kawaida linapinda nusu toni mbili juu na mbili chini, kwa hiyo hatua 8,192 zinagawanywa kwa nusu toni mbili, nusu toni moja hatua 4,096, robo toni hatua 2,048. Toa kwenye 8,192 unapata 6,144. Kwa hiyo kwenye faili, kabla ya kila 64 naandika pinda mpaka 6,144, ikiisha narudisha 8,192. Nikampigia. Akafumba macho akasema hapo.

Ila kuna mtego, kupinda kunakamata chaneli nzima, kila noti inayolia kwenye chaneli hiyo inapinda nayo, ukiwa na kordi chini yake inavurugika yote. Kwa hiyo udi naupa chaneli yake peke yake na kordi chaneli nyingine. Vinanda vingine vina mahali pa kushusha E na B robo toni kwa kubonyeza vitufe, hiyo ni rahisi zaidi, tafuta kwenye kitabu chake. MIDI 2.0 iliyotoka 2020 inaruhusu kila noti kupindwa peke yake, na nguvu ya kidole inapimwa kwa hatua 65,536 badala ya 128, nikivishika vinanda vyake vizuri nitaandika.

Na kwa vile udi haumo kwenye orodha na ule uliomo kwenye kinanda changu mzee anasema umepigwa na mtu mwenye haraka, tumeamua tujaze stoo wenyewe. Udi ni wake, nyuzi 11 (jozi tano na mmoja wa besi), anaupatanisha C, F, A, D, G, C, kwa namba ni 36, 41, 45, 50, 55, 60. Tunarekodi kila baada ya nusu toni tatu kuanzia 36 mpaka 72, maana ukivuta kipande mbali sana na kilikotoka kinageuka, ukikipandisha oktava nzima kinakwenda mara mbili ya mwendo na udi unalia kama wa mtoto. Noti 13, kila moja mara tatu, laini, kati, nguvu, rekodi 39. Tunafanya usiku baada ya saa nne, madirisha tumeyafunga kwa magodoro, feni imezimwa, jasho linatutoka, na mara mbili kengele ya baiskeli imeingia kwenye noti ya 45.

Jana nikamuwekea zile tulizomaliza kwenye laptopu, kinanda kikaingia kwa USB, nikapanga nguvu 1 mpaka 50 iite ile laini, 51 mpaka 95 ya kati, kuanzia 96 ile ya nguvu. Akapiga mwenyewe muda mrefu, hasemi kitu, anarudia palepale, polepole anaongeza kidole. Af akasema hii ya nguvu inachelewa kuja, mimi risha yangu (kile cha kukwanyulia nyuzi) inakuwa imeshakasirika kabla ya hapo. Nikashusha kutoka 96 mpaka 88. Akapiga tena. Akasema bado kidogo. 84. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kupiga.

Zimebaki noti nne, 63, 66, 69 na 72, zote za uzi wa mwisho juu na ule uzi umelika pale anapoukandamiza. Anasubiri mpya kutoka kwa mtu wake Mombasa.